Hodhi la kuogea nyumbani: la chuma, la faiba, la akriliki au la zege?

Swali hili limekuwa likitufikia redioni kwa namna mbalimbali, hasa kutoka kwa watu wanaojenga Mtawanya na maeneo mengine ya Kibiti: nimeacha nafasi ya hodhi la kuogea bafuni, sasa niweke la aina gani? Wengi wanaouliza wanawajengea wazazi. Wao wako Dar es Salaam, wanatuma fedha kidogo kidogo na kupokea picha kwa simu. Hao ndio walio karibu zaidi na hasara, kwa sababu hodhi likishawekwa, likazungushiwa tofali na kubandikwa marumaru, kulitoa ni kuvunja nusu ya bafu.

Tuanze na jina ili tusipotezane. Hodhi ninalolizungumzia ni kile chombo kirefu ambacho mtu hukaa au kujilaza ndani yake, maji yakiwa yamemzunguka. Madukani wengi huliita jakuzi, hata kama halina mashine yoyote ya kutoa mapovu. Ukipiga simu kuulizia bei, hakikisha wewe na muuzaji mnazungumza kitu kimoja, maana lenye mashine na lisilo na mashine ni vitu viwili tofauti kabisa kwa bei, kwa umeme na kwa usumbufu.

Hesabu ya ndoo

Kabla ya kuuliza limetengenezwa kwa nini, uliza litajazwa na nini. Hodhi la dukani lenye urefu wa sentimita 150 hadi 170 hubeba kati ya lita 150 na 200 hivi likijaa hadi kwenye lile tundu la juu la kupunguzia maji. Kwa ndoo zetu za lita 20, hizo ni ndoo nane hadi kumi. Mtu anayeoga kwa ndoo na kopo hutumia ndoo moja, akijitahidi sana moja na nusu. Kwa hiyo kujaza hodhi mara moja ni sawa na kuogesha nyumba nzima pamoja na wageni.

Kama una kisima chako, pampu na tangi lililoinuliwa, hilo si tatizo kubwa. Kama maji yanakuja kwa dumu juu ya baiskeli au bodaboda, au bomba linatoa kwa zamu, hodhi kubwa litageuka kuwa pipa la kuhifadhia maji, na hapo ndipo mbu watakapohamia. Mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia ndani na kandokando ya nyumba. Sisemi usiweke hodhi. Nasema ukubwa wake uamuliwe na maji uliyonayo, wala si na picha uliyoiona mtandaoni.

Jambo la pili ni aina ya maji. Watu wa delta wanalijua hili kuliko mimi: karibu na mikoko kisima hutoa maji yenye chumvi, na hata bara kuna visima vinavyoacha ukoko mweupe kwenye sufuria au madoa ya kutu kwenye nguo nyeupe. Maji hayohayo yatakaa ndani ya hodhi lako. Kuna hodhi linalovumilia na kuna lisilovumilia.

Chuma kilichopakwa enameli

Unazikumbuka sahani na vikombe vyeupe vyenye ukingo wa buluu, ambavyo bibi zetu walivitunza kabatini. Hiyo ndiyo enameli: unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma kwa joto la zaidi ya nyuzi 750, ukashikana nacho. Hodhi la chuma ni sahani hiyohiyo iliyokuzwa, na kila unachokijua kuhusu sahani kinalihusu. Haligeuki rangi, halishiki harufu, huvumilia maji ya moto. Lakini likiangukiwa na kitu kizito, kioo hubanduka, na pale palipobanduka kutu huanza. Kwa maji ya chumvi kutu haiombi ruhusa.

Kuna mawili ndani ya kundi hili. Lipo la chuma cha kusubu, zito, kilo 100 na kuendelea likiwa tupu. Lipo la bati la chuma, jepesi zaidi, kilo 30 hadi 50 hivi. La kusubu ni chombo cha maisha, lakini fikiria kulitoa Dar es Salaam, kilomita kama 140 kwa Barabara ya Kilwa, kisha kulishusha na kulipitisha kwenye mlango wa bafu wa nyumba ya kawaida. Watahitajika wanaume wanne wenye subira. La bati ni rahisi kubeba, ila likiwa jembamba hupinda kidogo mtu anapokanyaga, na enameli haipindi. Hupata nyufa kama nywele, maji yanapita, na kutu inafanya kazi chini kwa chini usipoiona.

Adui mwingine wa enameli ni ile asidi kali ya kusafishia choo. Inang'arisha siku ya kwanza, na baada ya miezi uso wa hodhi unakuwa mkwaruzo unaoshika uchafu. Kama nyumbani kwako asidi hiyo ndiyo dawa ya kila kitu, usinunue enameli.

Faiba

Kwa watu wa pwani faiba haihitaji maelezo marefu, boti zetu nyingi za injini zimetengenezwa kwayo. Nyuzi za kioo zinalowekwa kwenye gundi ngumu, halafu juu panapakwa ngozi laini yenye rangi, nyembamba, isiyozidi milimita moja. Uzuri na ubaya wake vyote vimo kwenye ngozi hiyo. Ikiwa nzima, hodhi linapendeza na ni jepesi kiasi cha watu wawili kulibeba bila jasho. Ikikwaruzwa kwa mchanga na majivu, kama tunavyosugua masufuria, rangi inafifia na nyuzi zinaanza kuonekana, kisha maji yanaingia na kutoa malengelenge. Wenye boti wameyaona malengelenge hayo chini ya mkondo wa maji.

Faida moja hutajwa kwa nadra: faiba inatengenezeka hapahapa. Fundi anayeziba boti anaweza kuziba hodhi. Rangi haitalingana sawasawa, lakini halitavuja. Pamoja na hayo, faiba ya bei ndogo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hutengenezwa nyembamba mno, na dukani zinafanana zote.

Akriliki

Hii ni plastiki ngumu inayong'aa, ambayo shiti lake hupashwa joto na kufyonzwa juu ya kalibu mpaka lishike umbo la hodhi. Kwa kuwa shiti lenyewe halitoshi kumbeba mtu, kiwandani hupaka faiba upande wa nyuma ili kulitia nguvu. Tofauti yake na faiba tupu ni kwamba hapa rangi imeingia ndani ya shiti lote. Ukikwaruza kidogo unaweza kupiga msasa laini sana wa maji kisha ukang'arisha, na chini bado ni rangi ileile. Chumvi haiiozeshi, haipati kutu, na haipotezi joto la maji upesi kama chuma.

Udhaifu wake wa kwanza ni moto. Akriliki hulainika ikifika kiasi cha nyuzi 100, na sisi wengi hatuna hita, tunachemsha maji kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kwenda kuyamimina. Maji yaliyotoka kuchemka yakimwagwa moja kwa moja kwenye hodhi tupu yanaweza kulipinda au kulitia ufa. Tanguliza maji ya baridi, ndipo ya moto. Hiyo ni kanuni ya usalama pia: mtoto akitumbukia ndani ya hodhi lililotangulizwa maji ya moto, hakuna akriliki wala zege litakalomwokoa. Na sufuria lenyewe lisikalishwe ndani ya hodhi hata dakika moja.

Udhaifu wa pili ni kemikali. Kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha na dawa za kuyeyushia rangi ya mafuta hula akriliki. Mafundi wa rangi wana tabia ya kuoshea brashi popote penye koki, kwa hiyo hodhi lifunikwe mpaka kazi yote ya rangi iishe.

Ukiwa dukani, fanya majaribio matatu. Bonyeza kitako cha hodhi kwa kiganja kwa nguvu. Kikinesa kama mfuniko wa ndoo, liache. Washa tochi ya simu upande wa nyuma. Mwanga ukipenya wazi sehemu za kona, hapo shiti limevutwa likawa jembamba. Mwisho chukua sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Ikishika, unauziwa chuma, isiposhika ni plastiki au faiba, hata kama muuzaji anakuapia vinginevyo. Ukingo wa chini ambao haukupakwa nao husema mengi: utaona shiti la rangi na faiba nyuma yake, au utaona faiba peke yake.

Mbao, kwa kifupi

Kuna aliyesoma kwamba Wajapani huoga kwenye hodhi za mbao, na ni kweli, wana mti wao uitwao hinoki wanaousifia harufu. Swali likawa, kwa nini sisi tusitumie mbao zetu? Jibu analo fundi wa mitumbwi na majahazi. Mbao ya kukaa majini inataka kukaa majini. Jahazi likiachwa ufukweni juani muda mrefu mbao hukauka, hunywea, na viungo huachia mpaka lipigwe kalafati upya. Hodhi linalotumika mara mbili kwa wiki litafanya hivyohivyo, na chini yake kuna sakafu yako.

Zege na marumaru

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo ninapoona jibu la nyumba nyingi za kwetu.

Pwani yetu ilijenga mahodhi kabla viwanda havijakuwepo. Kusini mwetu, Kilwa Kisiwani, jumba la Husuni Kubwa alilolijenga Sultani al-Hasan ibn Sulaiman katika karne ya 14 lina birika la kuogelea la pembe nane, na umbo lake linaonekana hadi leo. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Zanzibar, Seyyid Said alijenga mahamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, na Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga yale ya Hamamni mjini. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na birika bafuni, na wenyewe walifuga samaki wadogo ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Wote hao walijenga kwa kitu kilichopatikana karibu, ambacho fundi wa karibu aliweza kukiziba kikipasuka.

Leo kitu hicho ni saruji, mchanga, kokoto na nondo. Faida kubwa ya hodhi la kujenga ni kwamba ukubwa unapanga wewe. Chukua hodhi la kukaa badala ya kulala: ndani urefu sentimita 100, upana 55, maji yafike kina cha 30. Hizo ni lita 165 kwa hesabu ya sanduku, lakini mtu mzima akishakaa mwili wake huchukua nafasi, hivyo utamimina kama lita 110 hadi 120, yaani ndoo sita. Ukuta wake ukiwa mfupi, mama mwenye magoti mabovu anavuka bila kushikwa. Jaribu kumvusha huyohuyo ukingo wa hodhi la dukani wenye nusu mita, tena miguu ikiwa imelowa.

Hasara zake nazo zisemwe. Zege ni la baridi. Asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, litanyonya joto la maji yako ya moto kabla hujakaa vizuri. Kona zake ni ngumu. Na likijengwa vibaya huvuja polepole, bila dalili, mpaka siku utakapoona ukuta wa chumba cha pili umetoa ukungu na rangi inavimba. Nyumba iliyojengwa kwa tofali za udongo huumia zaidi kwa unyevu wa namna hii.

Kwa hiyo mambo yafuatayo hayana mjadala. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwa kuwa chumvi yake huozesha nondo kutoka ndani na zege likapasuka. Zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto linatosha, lakini limwagwe sakafu na kuta za hodhi kwa mfululizo, siku moja, kwani pale fundi alipolala na kurudi kesho ndipo maji yatakapopita. Limwagiliwe maji angalau siku saba. Halafu plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kona za ndani ziviringwe kwa mwiko badala ya kuachwa kali, kitako kiinamie kwenye tundu la kutolea maji, ndipo niru au marumaru. Marumaru ziwe za uso mkwaruzo kidogo chini, zile zinazong'aa kama kioo ni za ukutani. Asiye na uwezo wa marumaru apige terazo au niru iliyosuguliwa vizuri. Inadumu, na kuna viungo vichache vya kuziba.

Asidi ya choo ni mwiko hapa pia. Inakula saruji iliyo kati ya marumaru.

Uzito na mahali maji yanakokwenda

Piga hesabu ndogo. Hodhi la akriliki kilo 25, maji lita 170 ambazo ni kilo 170, mtu kilo 70: jumla kilo 265. La chuma cha kusubu linakaribia kilo 400. Juu ya jamvi zuri la chini hakuna wasiwasi. Lakini kama bafu lilijazwa kifusi bila kushindiliwa, au kiwanja ni cha ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu masika, jamvi litashuka upande mmoja na bomba la chini litaachia. Wenzetu waliokumbwa na mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 waliona jinsi ardhi iliyolowa inavyobadilika chini ya nyumba. Ghorofani usiweke hodhi lolote kabla mhandisi hajaona mchoro.

Kizibo kikitolewa, lita 150 hutoka kwa dakika chache. Zikielekezwa zote kwenye shimo la choo, shimo linajaa mapema na uchafu unasukumwa kabla haujatulia. Chimba shimo la pembeni la maji ya kuogea, lijaze mawe, au yapeleke kwenye migomba. Na kabla ya bomba kutoka bafuni liwekewe kiungo kile kilichopinda kinachobakisha maji kidogo, la sivyo harufu na mende watarudi kwa njia hiyo.

Kama ningekuwa naweka mimi

Kwa nyumba ya Mtawanya yenye tangi, pampu na mtu wa kuitunza, ningechukua akriliki nene iliyopita majaribio yale matatu. Kwa nyumba ya wazazi, ambako maji ni ya kuhesabu na fundi wa karibu ni mwashi, ningejenga hodhi dogo la zege la kukaa, lenye koki ya chini ya kujazia ndoo pia, maana siku nyingi wataoga kwa kopo kama walivyozoea, wakiwa wamesimama mlemle ndani. Chuma cha kusubu ningekichukua kama ningekipata cha zamani, kizima, kutoka nyumba inayovunjwa, na usafiri uwe wa mtu mwingine. Faiba nyembamba na bati jembamba ningeviacha dukani. Mtoto mchanga anatosha na beseni lake la plastiki, ilimradi si lile la kuoshea mchele.

Penye watoto wadogo hodhi lisibaki na maji baada ya kuoga, hata kina cha kidole. Mtoto huzama kwenye maji machache sana, tena kimya kimya. Mlango wa bafu uwe na komeo la juu.

Fundi akishaweka

La akriliki au faiba lisining'inie kwa miguu yake peke yake. Chini ya kitako patiwe mchanganyiko wa saruji likae kwa ukamilifu. Kwenye ukuta wa tofali unaolizunguka paachwe kidirisha upande wa bomba, marumaru mbili za kubandua, ili siku ya kuvuja mfike kwenye bomba bila nyundo. Ile silikoni ya kuziba kati ya hodhi na ukuta ipakwe hodhi likiwa limejaa maji, na maji yakae mpaka silikoni ikauke. Likiwa limejaa hodhi hushuka kidogo; ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza ya kuoga silikoni itavutwa na kuachia.

La zege lijazwe likiwa bado na plasta, kabla ya marumaru. Weka alama ya penseli pale maji yalipofika, funga mlango, rudi baada ya saa 24. Anayejenga akiwa mbali aombe picha mbili za alama hiyo, ya jana na ya leo, kabla ya kutuma fedha za mwisho za fundi.